Majani ya masika: namna ya kuwavusha ng'ombe wa maziwa kutoka kaskazi

Mvua ya masika ikishapiga wiki mbili mfululizo, Mombasa bara hubadilika rangi. Chini ya minazi ya Utange, kandokando ya njia ya Mwakirunge, kwenye viwanja visivyojengwa vya Mishomoroni, kote kijani. Ng'ombe waliokuwa wakitafuna mabua tangu Januari wananusa ile harufu, wanavuta kamba, wanalia usiku. Mwenyewe naye amechoka kununua chakula. Basi kamba inafunguliwa, ng'ombe anaachiwa ale mpaka ashibe, na watu wanasema alhamdulillahi.

Siku mbili tatu baadaye simu zinaanza. "Dada, ng'ombe wangu anahara." "Dada, maziwa yameongezeka lakini mepesi, wateja wasema natia maji." "Dada, tumbo limefura upande mmoja." Mimi si daktari wa mifugo. Nafuga ng'ombe wanne huku Utange, chotara wa Ayrshire na Sahiwal, na maziwa yao ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Nitakayoyaeleza ni yale ninayoyafanya kila mwaka kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, na sababu zake.

Majani mapya yana nini

Chukua fungu la majani machanga ya masika, lifinye mkononi. Kiganja kinalowa. Katika kila kilo 100 za majani hayo, kilo 80 hadi 85 ni maji. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anataka kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kile kinachobaki maji yakishaondolewa. Piga hesabu mwenyewe: majani yenye maji asilimia 85, itabidi ale kilo 80 ndipo azipate hizo 12. Atajaa kabla hajazifikia. Kwa hivyo ukimwona tumbo limejaa na bado anakonda, usishangae, na usikimbilie kumpa dawa ya minyoo kabla hujaangalia anachokula.

Jambo la pili ni protini. Majani machanga yanayo nyingi, tena inayoyeyuka upesi tumboni, lakini nyuzi ni chache na nguvu ya kuitumia hiyo protini haitoshi. Ile isiyotumika inatoka kwa mkojo, na mwili unatumia nguvu kuitoa. Halafu wako wale wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi katika tumbo la kwanza la ng'ombe, ambao ndio wanaomsagia chakula. Kwa miezi mitatu ya kaskazi, yaani kiangazi chetu, wamezoea mabua. Chakula kikibadilika ghafla, wale wa mabua wanapungua kabla wale wa majani mabichi hawajaongezeka. Kupeana zamu kwao kunachukua wiki mbili hadi tatu, na ni wiki hizo ninazozungumzia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na ng'ombe hatajizuia mwenyewe.

Maelekezo mengi ya jambo hili yaliandikwa na watu wa Uingereza na New Zealand, ambao ng'ombe wao wanatoka kwenye baridi kuingia kwenye majani mapya. Wetu wanatoka kwenye jua. Tumbo ni lile lile, lakini saa za kulisha haziwezi kuwa zile zile, na anayenakili saa zao huku pwani anamwumiza mnyama. Nitarudi hapo.

Weka nyasi kavu kabla mvua haijaja

Wafugaji wengi humaliza mabua mwezi wa Machi na kushukuru kwamba mvua imefika wakati wake. Mimi nataka mvua inikute ghala bado lina kitu. Nanunua robota za nyasi kavu mapema, wakati barabara bado ni kavu na lori linafika mlangoni, za kutosha mwezi mzima. Si nyingi: kilo 2 hadi 3 kwa kila ng'ombe kwa siku. Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yanafaa. Nyasi ndefu zilizokaukia pembeni mwa shamba zinafaa pia, bora uzikate kabla mvua haijazilowesha.

Robota zisikae sakafuni. Mombasa unyevu unapanda kutoka chini hata siku isiyo na wingu, na robota iliyolala kwenye sakafu ya saruji utaiinua ukute tumbo lake jeusi. Panga mbao kwanza, na uache nafasi ya mkono kati ya robota na ukuta. Nyasi yenye ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa. Na zaidi ya nyasi, chunga pumba za mahindi na mashudu ya nazi: vikivunda vinatoa sumu ya aflatoksini, nayo hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, wala kuyachemsha hakuiondoi. Mkono ukiuingiza ndani ya gunia ukahisi joto, au ukasikia harufu ya chumba kilichofungwa, rudisha gunia dukani. Muuzaji atanuna, mwache anune.

Pumba hizo zina kazi yake wiki hizi. Kwa kuwa majani yana protini nyingi na nguvu kidogo, ng'ombe anahitaji kitu cha kumpa nguvu, si protini juu ya protini. Mimi nawapa kilo moja ya pumba za mahindi kila ukamuaji, nikichanganya na muhogo uliokaushwa nikiupata. Mashudu nayapunguza mpaka majani yakomae. Mtu anayeongeza mashudu wakati majani ni machanga anatupa pesa kwenye mkojo.

Chumvi ya madini iwepo horini mchana na usiku, na isome kwenye mfuko kama ina magnesi. Majani yanayokua mbio huwa na magnesi kidogo, na ng'ombe aliyepungukiwa hutetemeka, huyumba, kisha huanguka. Ni ugonjwa wa nchi za baridi zaidi kuliko kwetu, lakini chumvi ni rahisi kuliko kumwita daktari usiku.

Saa za kutoka

Kila kitabu kitakwambia: usimtoe ng'ombe mpaka umande ukauke. Sababu mbili, na zote ni za kweli. Majani yaliyolowa, hasa yenye jamii ya kunde ndani yake, ndiyo yanayofurisha tumbo. Na viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya jani asubuhi pamoja na ule unyevu. Jani likikauka wanashuka chini.

Lakini Mombasa umande ukikauka ni saa nne, na saa nne jua limeshashika. Ng'ombe mwenye damu ya kizungu, Friesian hasa, joto likishapita nyuzi 25 anaanza kupunguza kula, na huku Aprili adhuhuri inafika 30 na kitu. Ukimtoa saa nne mpaka saa nane, atasimama chini ya mwembe akihema, mate yanadondoka, majani yako yapo na hayaliwi. Umeepuka umande ukaangukia joto.

Mimi nimeupanga hivi. Nakamua alfajiri. Baada ya kukamua, kabla ng'ombe hajaona jani bichi lolote, hori lina nyasi kavu. Anakula zile kilo 2 au 3, anakunywa maji, analala kidogo acheue. Hatoki na njaa, na hilo ndilo kubwa kuliko yote katika maelezo haya. Ng'ombe mwenye njaa huyavamia majani, anameza bila kutafuna. Aliyeanza na nyasi kavu anachagua.

Wiki ya kwanza natoa jioni peke yake. Saa kumi alasiri, majani yamekaukia siku nzima, jua linateremka, upepo wa kusi umeanza. Tena majani ya jioni yana sukari zaidi kuliko ya asubuhi, kwa sababu yameshinda juani yakitengeneza chakula chake. Saa moja ya kula, kisha ndani. Najua wanalia wakirudishwa. Waache walie. Wiki ya pili naongeza jioni mpaka magharibi, na asubuhi kidogo, saa tatu hadi saa nne na nusu: umande umebaki kidogo, lakini wameshakula nyasi kavu. Wiki ya tatu asubuhi inarefuka mpaka saa tano, na kutoka hapo hadi saa kumi wako kivulini na maji. Mtu mwenye nafasi ya kuwatoa mara moja tu kwa siku, ile mara iwe jioni.

Siku ya mvua ya kutwa hawatoki. Nakata, natandaza barazani chini ya bati majani yanyauke nusu siku, ndipo nayatia horini. Majani yaliyonyauka yamepoteza maji, na ng'ombe yule yule, kwa tumbo lile lile, anapata chakula zaidi.

Maji usiyapunguze kwa kuwa majani ni mabichi. Ni kweli atakunywa kidogo kuliko wakati wa kaskazi, lakini ng'ombe anayekamuliwa katika joto letu huenda akataka lita 60 na zaidi kwa siku. Mwachie achague mwenyewe. Huku kwetu maji ya kisima cha chumvichumvi ni ya kawaida. Kama wewe mwenyewe huwezi kuyanywa, siku za mvua tega ya bati umpe hayo.

Msome ng'ombe, si kalenda

Nilivyozipanga hizo wiki tatu ni kipimo tu. Anayekwambia uende mbele au usimame ni ng'ombe.

Angalia mavi kwanza. Mazuri yanaanguka, yanatulia, yanabaki na unene wa vidole viwili na kijishimo katikati. Majani machanga yakizidi yanakuwa kijani kibichi, yanaruka yakigonga sakafu, yana mapovu, na mkia unakaukia uchafu mpaka juu ya makalio. Sukari, ng'ombe wangu mkubwa, mkia wake ukichafuka kupita magoti namwongezea nyasi kavu siku ile ile na kumkatia saa ya malisho. Mavi yakiwa na damu, au anahara huku ana homa, hilo si la majani, ita daktari.

Kisha kucheua. Nenda zizini saa sita mchana wakati wamelala, usiwasumbue. Nusu yao na zaidi wawe wanacheua. Mtazame mmoja: tonge linapanda shingoni, unaliona kwa macho likipita chini ya ngozi, anatafuna, anameza, kimya kidogo, jingine linapanda. Hesabu anavyotafuna tonge moja. Hamsini na zaidi, hana neno. Akitafuna mara 30 akameza, nyuzi hazimtoshi, hata kama anaonekana ameshiba.

Ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu na mbele ya fupa la nyonga, pana shimo la pembetatu. Likiwa limezama sana, hajala. Likiwa limejaa kiasi, vizuri. Likiwa limepanda juu kuliko uti wa mgongo, acha unachokifanya.

Na maziwa. Majani machanga yanaongeza maziwa na kupunguza mafuta, kwa sababu mafuta ya maziwa hutokana zaidi na nyuzi. Mimi sina mashine ya kupimia mafuta, nina sufuria. Nachemsha nusu lita ya kila ng'ombe peke yake, naiacha ipoe bila kuikoroga, natazama malai. Malai ya Zaituni, ng'ombe wangu mwingine, wakati wa mabua nayainua kwa kijiko kipande kizima. Wiki ya pili ya masika yanakatika. Kazi ya nyasi kavu ni kuyarudisha. Samli ya wakati huu, hata hivyo, inatoka ya manjano kuliko wakati wowote, rangi hiyo inatoka kwenye majani mabichi, na wanaojua samli wanaingoja.

Mteja akikushutumu umetia maji, toa laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, umpimie mbele yake. Mafuta yakipungua laktomita haishuki, kwani mafuta ni mepesi kuliko maji. Kinachoishusha ni maji. Mama mmoja wa mahamri hapa Kisauni alinitolea maneno mbele ya wateja wake, nikapima, akanyamaza, na leo bado anachukua kwangu. Lakini usibishane naye kuhusu chai: kweli inakuwa nyepesi, na anatumia maziwa mengi zaidi kupata rangi ile ile.

Tumbo likifura

Hili linaua kwa saa, si kwa siku, kwa hivyo lisome sasa.

Ubavu wa kushoto unapanda, unakaza, ukiupiga kwa kidole unalia kama ngoma. Ng'ombe hali, hacheui, anapiga tumbo kwa mguu wa nyuma, analala anaamka, kisha anapumua kwa mdomo ulimi ukiwa nje. Ikifika kwenye ulimi umebakiwa na muda mdogo sana.

Mwondoe majanini mara moja. Msimamishe mahali palipoinama, miguu ya mbele juu. Mpitishie kijiti cha unene wa mpini wa jembe mdomoni kwa upana, ukifunge nyuma ya pembe au masikio, ili atafune na kutoa mate. Gesi nyingine itatoka kwa kubeua. Tembeza taratibu. Gesi ikiwa imechanganyika na povu, na ndiyo inavyokuwa kwa majani mabichi ya jamii ya kunde, kubeua hakutatosha: mnyweshe mafuta ya kupikia, ya nazi au ya alizeti, nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, robo lita kwa mtamba mdogo. Mafuta yanavunja povu. Tia kwenye chupa ya plastiki ya shingo ndefu, ipitishe pembeni mwa mdomo, mimina kidogo kidogo, akikohoa acha. Usimwinue kichwa juu kama anayetazama mnazi. Mafuta yakiingia mapafuni umemuua kwa njia nyingine. Huku ukifanya hayo mtu mwingine awe anampigia daktari. Kutoboa ubavu ni kazi ya daktari na chombo chake, na kisu cha jikoni kinaacha kidonda kinachoharibika hata gesi ikitoka.

Chupa ya mafuta iwe imetundikwa zizini tangu Machi. Dukani usiku hutaenda.

Jamii ya kunde tunayolisha huku pwani ni pamoja na klitoria, ile ya maua ya buluu, na lusina na glirisidia. Sisemi uziache. Watafiti wa kituo cha Mtwapa walizifanyia kazi miaka mingi kwa ajili ya ng'ombe wa pwani, na wakati wa kaskazi ndizo zinazonibakizia maziwa. Ila wakati wa masika zinyaushe kwanza, changanya na matete, na lusina isizidi theluthi ya chakula chote cha siku, kwani ina sumu yake ikilika peke yake kwa muda.

Shamba lenyewe

Chini ya minazi yetu jani kubwa ni Guinea, lile refu la mashungi. Linapenda kivuli, linaota haraka, na kosa la kawaida ni kulilisha likiwa fupi kwa sababu ni laini. Lingojee lifike magotini. Ng'ombe ale mpaka libaki shubiri moja kutoka ardhini, kisha aondoke, asirudi hapo kwa wiki nne hadi sita. Ukimwacha alirudie jani lile lile kila siku, mizizi inaishiwa, na mwaka wa pili unabaki na magugu. Shamba dogo linagawika kwa kamba tu: mimi nafunga ng'ombe kwenye mnazi kwa kamba ya hatua tano sita, naisogeza mnazi hadi mnazi. Kijana anayenisaidia anaweka alama ya chokaa kwenye mnazi wa mwisho ili tusikosane.

Matete ya kukata yafike kiunoni na zaidi kidogo, si kimo cha mtu. Yakishapita hapo shina linakuwa mti, ng'ombe anachagua majani na kuacha nusu horini. Kata ukiacha kisiki cha sentimita 10, tandaza samadi, rudi baada ya wiki sita hadi nane.

Kuna vitu vya kuweka mbali. Mtama unaochipuka upya baada ya ukame, na mtama wowote ambao haujafika magotini, una sumu inayokata pumzi. Ng'ombe anaweza kufa akiwa na tonge mdomoni. Subiri upite kimo cha mapajani, au uukaushe kabisa. Muhogo una sumu hiyo hiyo kwenye majani na maganda mabichi. Wauza krispi za muhogo wanatupa maganda mengi na ni chakula kizuri, lakini yakatekate, yaanike juani mpaka yavunjike kwa mkono, ndipo yalishwe.

Na plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, lakini ya zamani bado imo ardhini, na masika yanaifukua. Maji ya mvua yanateremka na takataka na kuzitandaza katikati ya majani mazuri kabisa, mitaroni na kwenye viwanja vilivyo karibu na jaa la Mwakirunge. Ng'ombe haitemi. Inakaa tumboni mpaka inakuwa fundo, na wachinjaji wetu wanayatoa mafundo hayo kila leo. Pita na gunia kabla ya kumfunga mnyama mahali papya. Mabaki ya sokoni Kongowea, maganda ya mahindi mabichi na majani ya kabeji, yapekue vile vile, maana kamba za nailoni na vifuniko humo havikosekani. Na kabeji nyingi inaacha harufu kwenye maziwa; lisha baada ya kukamua, si kabla.

Kupe

Yule kupe wa kahawia anayependa masikio huamka na mvua. Ndiye anayeleta ndigana kali, na ng'ombe wa kizungu au chotara akiipata bila dawa ya mapema, mara nyingi hufa. Kwa hivyo wakati wa masika nanyunyizia dawa ya kupe kila wiki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala si cha kukisia. Dawa iliyozidishwa maji inamfundisha kupe kuizoea. Nyunyizia dhidi ya manyoya, na usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya mapaja na kiwele. Kisha ngoja ikauke kabla hujamrudisha majanini.

Nina kipimajoto. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote zizini na kila mfugaji angekuwa nacho. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.3. Akipita 39.5 asubuhi, kabla jua halijamfanya chochote, pitisha vidole chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba, zinateleza chini ya vidole na kupita ukubwa wa yai, ni ndigana kali mpaka daktari aseme sivyo. Siku ya kwanza au ya pili dawa inafanya kazi. Akishaanza kukohoa na povu limemtoka puani, pesa zinakwenda na ng'ombe anakwenda. Ipo chanjo yake, ile iliyofanyiwa utafiti Muguga, inayochomwa mara moja kwa maisha. Chanjo hii huja dozi nyingi kwa pamoja, na lazima itunzwe kwenye baridi kali, basi wafugaji wa mtaa mmoja hujikusanya wakamwita daktari siku moja. Hata aliyechanjwa anahitaji dawa ya kupe, kwa sababu kupe wana magonjwa mengine.

Mvua ikizidi kawaida, mafuriko yakasimama, kumbuka homa ya Bonde la Ufa. Inaenezwa na mbu, na Kenya iliiona vibaya mwaka 1997 hadi 1998 na tena 2006 hadi 2007. Ng'ombe wakianza kutupa mimba mmoja baada ya mwingine, usizishike mimba kwa mikono mitupu, usichinje, piga ripoti. Na maziwa yachemshwe, mvua au jua.

Tope nalo. Ng'ombe akilala kwenye tope, kiwele kinaumwa. Mwaga kokoto au matumbawe yaliyopondwa mlangoni mwa zizi, hapo panapokanyagwa zaidi. Kabla ya kukamua, kamua mara mbili tatu za mwanzo kwenye kikombe cheusi. Ukiona madonge au maji, ng'ombe huyo akamuliwe wa mwisho.

Majani yakizidi

Kufikia katikati ya Mei majani yatakushinda, na hapo ndipo ninapoanza kufikiria kaskazi ijayo. Kukausha nyasi Mombasa wakati wa mvua ni kujisumbua, inaoza kabla haijakauka. Ninavundika, yaani nayachachusha majani bila hewa, kwenye mifuko minene ya nailoni. Kata matete ya kimo cha kiunoni, yanyaushe siku moja, katakata vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole. Kila kilo 100 nyunyizia kilo 3 za molasi iliyozimuliwa kwa maji. Tia mfukoni tabaka kwa tabaka, na kila tabaka mtu aingie alikanyage mpaka lisibonyee tena, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoozesha. Funga mdomo kwa kamba ya mpira, laza kivulini, ziba kila tundu la panya kwa mkanda siku hiyo hiyo unapoliona. Usifungue kabla ya mwezi. Ukifungua, chakula kiwe na rangi ya manjano ya kijani na harufu ya uchachu mtamu. Toa cha siku hiyo tu, toa hewa, funga tena.